CHUO KIKUU NA SISI TULIOHESABIWA



Chuo Kikuu cha Nairobi, kama vyuo vikuu vyote, hupenda kutangaza mambo yake matatu. La kwanza ni mihadhara na mikutano ambayo watu wote hualikwa. La pili ni uchunguzi unaofanywa mitaani na vijijini. La tatu ni majina ya wale waliosoma pale wakapata sifa duniani. Sisi wafanya kazi hatuna kinyongo na habari hizo, na nyingine zatufurahisha sana. Lakini twasema ya kwamba mambo yote matatu yapimwe kwa kipimo kimoja: mfanya kazi amerudishiwa nini?

Tuna haki ya kuuliza. Chuo kile kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, kikiitwa Royal Technical College, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili. Tangu siku hiyo ya kwanza kuna watu waliofagia madarasa yake, waliopika chakula cha wanafunzi, waliolinda milango yake usiku. Na kodi inayokisaidia hukatwa katika mishahara yetu kabla hatujaishika mkononi.

Tuanze na mihadhara. Kadi ya mwaliko husema kwamba watu wote wanakaribishwa. Lakini mhadhara ukiwa saa nane mchana, siku ya kazi, na kwa Kiingereza cha vitabu, mtu wa kiwandani ataingiaje? Tajiri hatampa ruhusa, na akipewa ataketi pale kama mgeni asiyejua lugha ya mji. Mlango ukiwa wazi saa ambayo mwenyewe yuko kazini, kwake umefungwa.

Tena haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1977, kule Kamiriithu karibu na Limuru, watu wawili wa Chuo Kikuu, Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, walishirikiana na wakulima na wafanya kazi wa hapo kutunga na kucheza mchezo kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda. Watu wa kijiji walijenga jukwaa kwa mikono yao, wakayasahihisha maneno ya mchezo, wakacheza wenyewe. Habari yenyewe ilikuwa yao: ardhi, kiwanda, mshahara mdogo. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule serikali ikaondoa ruhusa. Desemba Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kesi, akakaa karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Ndugu, jiulizeni: ni mihadhara mingapi ya Kiingereza iliyopata kuogopwa namna ile? Mchezo ule uliogopwa kwa sababu waliohusika waliuelewa.

Sasa tuje kwenye uchunguzi. Wengi wetu tunaofanya kazi Industrial Area twalala Mukuru: kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani. Kwa miaka mingi mitaa hiyo ilikuwa kama haipo katika ramani za wakubwa. Ardhi yake ilikuwa imegawiwa watu binafsi ili wajenge viwanda, na wengi wao hawakujenga. Basi walimu na wanafunzi wa mipango ya miji wa Chuo Kikuu, pamoja na Muungano wa Wanavijiji na vyuo vingine, wakachunguza maisha ya pale. Walionyesha kwamba maskini wa Mukuru hulipa maji na umeme kwa bei kubwa kuliko watu wa mitaa yenye mabomba na mita za halali, na bado wanachopata ni kibaya. Jambo hilo sisi tulilijua mifukoni mwetu. Lakini lilipoandikwa kwa hesabu, wakubwa hawakuweza kulikana. Agosti 2017 Serikali ya Jiji la Nairobi ikatangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalum. Wakaaji wakajipanga nyumba kwa nyumba, wakahesabiwa, wakasema wapi pafaa njia, wapi pafaa choo, wapi pafaa shule.

Hiyo ni kazi njema na twaisifu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini tusisahau Novemba 2021, matingatinga yalipoingia Mukuru kwa Njenga kwa ajili ya barabara, na watu maelfu wakabaki nje na watoto na magodoro yao. Walikuwa wamekwisha hesabiwa. Mpango ulikuwapo. Twajifunza nini? Ya kwamba hesabu iliyo katika kabati la chuo haimkingi mtu. Yapasa iwe mkononi mwa watu wenyewe, kwa lugha wanayoisoma, na nyuma yake kiwepo chama kinachoweza kusimama na kudai.

Jambo la tatu ni majina makubwa. Hapana jina linalotajwa kwa fahari kuliko la marehemu Profesa Wangari Maathai. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari katika chuo hicho, mwanamke wa kwanza kuipata katika Afrika Mashariki na ya Kati, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Watu wote wajua habari ya miti yake. Ni wachache wajuao kwamba katika miaka ya 1970, akiwa mwalimu pale pale, yeye na wenzake walidai walimu wanawake wapate haki sawa na wanaume katika nyumba na malipo mengine. Walijaribu hata kukigeuza chama cha walimu kuwa chama halisi cha wafanya kazi, chenye nguvu ya kupatana na mwajiri. Mahakama ilikataa. Hata hivyo madai mengi yalikubaliwa baadaye. Mwaka 1980 serikali ilipiga marufuku chama cha walimu wa Chuo Kikuu, na ni mwaka 2003 ndipo chama chao cha sasa kikaandikishwa. Basi sifa za Mama Wangari zikisomwa, na habari hii isomwe. Alikuwa mwenzetu kabla hajawa wa dunia nzima.

Wako watakaosema kwamba Chuo Kikuu ni mahali pa wataalamu, na kwamba kukileta barazani ni kuishusha elimu. Twawajibu hivi. Wataalamu wa Mukuru wasingejua nani analala wapi kama wenye nyumba hawangewafungulia milango. Daktari akimweleza mgonjwa ugonjwa wake kwa Kiswahili, udaktari wake haupungui hata kidogo.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu, na Chuo Kikuu kinaweza kuyafanya bila gharama kubwa. Mihadhara ya watu wote, angalau michache kila mwaka, iwe Jumamosi alasiri au Jumapili, kwa Kiswahili, na mingine iletwe katika kumbi za mitaani. Kila uchunguzi uliofanywa kwa watu urudishwe kwa watu hao kwa karatasi ya Kiswahili kabla haujasomwa katika mikutano ya ng'ambo. Na majina ya fahari yanapotajwa, watajwe pia waliopigania wafanya kazi, wakiwemo wapishi na wafagiaji wa chuo chenyewe.

Nasi tuna wajibu wetu. Mchunguzi akija mlangoni, mjibu kwa heshima, kisha umwulize: majibu yatarudi lini, na kwa nani? Andika alichosema na ulete katika mkutano wa tawi, ili chama kifuatilie. Aliyekubali kuhesabiwa ana haki ya kuiona hesabu.