Koki Inayorusha Maji

Kwa ndugu zetu wa Ngara na Biharamulo, koki ya uani ndiyo ya kutawadhia, kufulia na kujazia madumu. Ikirusha maji shingoni kila ifunguliwapo, mwenye kutawadha huondoka na kanzu iliyolowa. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, takriban pungufu ya lita, sisi humwaga zaidi ya hiyo kabla ya kunawa uso.

Wengi wetu hukimbilia kubadili mpira wa ndani. Siyo hapo. Mpira ukichakaa, koki huvuja hata ikifungwa. Inayorusha ikiwa wazi, nati iliyo chini ya mkono wake imelegea, au nyuzi za katani zilizomo zimekwisha.

Tuikaze nati kwa spana, robo mzunguko. Isipotii, tufunge maji kwenye mita, tuifungue, tuzungushe katani mpya au tepu nyeupe ya mafundi wa bomba, kisha tuirudishie. Tusikaze mno: mkono huwa mgumu, na watoto huiacha wazi.

Penye milima, tangi likiwa juu sana, presha huirudisha kasoro hiyo mapema. Ikiwa chuma cha mkono kimelika, inunuliwe koki nyingine. Tuache kuifunga kwa mpira wa baiskeli, hasa ya msikitini.