Tairi Rahisi na Barabara ya Masika

Rahisi huvunja upishi, na mpira wa tairi nao una upishi wake. Tairi ya “misimu yote” ilibuniwa kwa nchi zenye joto na theluji. Mpira wake hauna budi kubaki laini katika baridi bila kulegea mno katika joto. Hiyo ni suluhu ngumu, na mtengenezaji anayekwepa gharama huiharibu kwa urahisi.

Katika Afrika Mashariki, msimu wa kuogopwa barabarani ni masika. Kila tairi hugusa lami kwa eneo linalokaribia kiganja tu. Mifereji yake isipowahi kuyaondoa maji, gari huelea. Usukani na breki havitii tena. Aidha, mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka takriban mara nne.

Yafaa basi somo la msuguano litoke ubaoni. Wanafunzi wavute kipande cha tairi kwa mizani ya springi juu ya saruji kavu, kisha juu ya saruji iliyolowa, walinganishe vipimo. Raia aliyezoea kupima hataridhika na jina wala bei.