Ziwa Lilipopanda, Nani Alilaumiwa?

Ukikaa ufukoni mwa Ziwa Viktoria, waulize wazee habari za maji ya mwaka 1961 mpaka 1964. Ziwa lilipanda karibu mita mbili na nusu. Mashamba yalimezwa, mialo ikahamishwa.

Nani alaumiwe? Ni rahisi kunyosha kidole Jinja, mahali Mto Nili unapotoka ziwani. Hapo bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954. Na hoja hiyo si ya kijinga: ukiziba mfereji, maji hurudi nyuma.

Lakini yako madaftari. Tangu mwaka 1896 kimo cha ziwa husomwa kwenye nguzo yenye alama, iliyosimamishwa majini. Mtu huja, husoma, huandika tarehe. Mtoto wa darasa la nne angeweza kazi hiyo, ila lazima asichoke! Mto nao hupimwa: upana wake, kina chake, na mwendo wa maji. Ukizidisha hayo matatu, wapata maji yapitayo kwa sekunde moja.

Basi, madaftari yakasemaje? Mvua za mwisho wa mwaka 1961 zilikuwa kubwa ajabu, na zilizofuata pia. Bwawa lilifuata kanuni: ziwa likiwa kimo hiki, mto upitishe kiasi hiki, kama ulivyopitisha kabla ya ukuta kujengwa. Tena baada ya mvua zile mto ulipitisha karibu maradufu ya zamani. Je, aliyeziba mlango hupitisha maradufu?

Na kabla ya mwaka 1896? Hapo twategemea maandiko ya wasafiri na wamisionari. Mwingereza H. G. Lyons, aliyefanya kazi Misri, aliyakusanya katika kitabu chake cha mwaka 1906. Yaonyesha kwamba ziwa lilikuwa juu pia yapata mwaka 1878. Barua si nguzo ya kupimia, na msafiri hutia chumvi. Lakini watu mbalimbali wakisema neno moja, si vema kuwapuuza.

Usidhani kwamba vipimo hulitetea bwawa siku zote. Mwaka 2006 ziwa lilishuka sana. Ukame ulikuwapo, ni kweli, lakini hesabu zilionyesha kwamba mabwawa ya Jinja (wakati huo yalikuwa mawili) yalikuwa yameachia maji kupita kanuni ile.

Maji yakishuka, watu hulima na kujenga pale yalipoondoka. Mwezi wa Mei mwaka 2020 yalirudi: mita 13.42 kwa kipimo cha Jinja, kidogo juu ya zile 13.41 za mwaka 1964. Nyumba nyingi za ufukoni ziliingia maji.

Kwa hiyo, ukiuziwa kiwanja karibu na ziwa, mwulize mwenye kuuza: mwaka 1964 maji yalifika wapi? Kisha mwulize na jirani. Na kama parokia yenu ilianzishwa na Mapadre Weupe, mwombe Paroko akutazamie diario ya zamani ya misheni, maana walitakiwa kuandika mambo ya kila siku, na mara nyingi mvua imo.