Reli Moja Fupi Inatosha



Wadogo wetu wanatuuliza mara nyingi namna ya kutengeneza treni ya mchezo nyumbani. Sisi wa mwaka wa sita tunawajibu hivi: fanyeni reli moja tu, fupi, yenye kazi. Tunasema hivyo kwa sababu sisi wenyewe tulianza kwa kushindwa.

Likizo iliyopita tulikuwa watatu. Tulitaka kuweka yote: reli ya Kisangani mpaka Ubundu, kisha mto mpaka Kindu, tena reli mpaka Kongolo, Kabalo na Kalemie kwenye ziwa Tanganika. Tukapasua mianzi, tukaokota mikebe ya samaki, tukajaza meza nzima. Juma la pili Kabalo haikuwa na reli, Kindu haikuwa na mto, na mama ya mwenzetu akasema: "Watoto, hii meza iko ya chakula!" Alikuwa na haki. Tulifanana na yule mtu wa Luka 14 aliyeanza kujenga mnara bila kuhesabu gharama.

Papa mmoja wa Lubunga, mstaafu wa reli, ndiye aliyetusaidia. Alitazama, akauliza: "Wanangu, treni yenu inabeba nini?" Tukanyamaza.

Basi tukaanza upya na reli ya kwetu peke yake. Ilifunguliwa 1906, iko na kilometa 125, na ilijengwa ili kupita kando ya maporomoko saba ya Boyoma, pale ambapo mashua haziwezi kupanda. Mashua inaleta mzigo, treni inauchukua, mashua nyingine inaupokea huko mbele. Lakini hata reli hii, ukiipunguza mara 100, inabaki metre 1,250! Kwa hiyo tuliacha mwitu wote wa katikati. Tulibakiza miisho miwili tu, Kisangani ng'ambo ya kushoto na Ubundu, juu ya ubao wa metre 2.

Kila mwisho kuna njia ya pili, ili mashini izunguke mabehewa na kurudi mbele. Mabehewa matatu yanatosha. Kupanda tunapakia chumvi na sabuni, kushuka mchele na mawese. Ukipanga vibaya, chumvi inafungiwa nyuma na mashua inangoja. Kumbe utamu wa mchezo uko hapo, na unamaliza jioni nzima. Kisha ubao unaingia chini ya kitanda, na mama anapata meza yake.

Wengine watasema haya ni mambo ya watoto, heri tujitayarishe kwa Mtihani wa Serikali. Tunakataa. Vita vya 1998 vilisimamisha treni zetu kwa miaka, na wengi wa wadogo wetu hawajapanda treni hata siku moja. Wazee wanaojua kazi ile wanapungua. Nani atawauliza, kama hakuna mtoto anayejua la kuuliza? Lakini aliyepakia mchele kwenye ubao wake, kesho atauliza kwa nini mchele wa kweli unasukumwa kwa baiskeli.

Basi wadogo, hesabuni kwanza, jengeni kidogo, na mmalize. Sisi tuko tayari kuwaonyesha ubao wetu. Mungu awabariki.