Maji ya Bwawa na Nywele za Mabinti Zetu wa Nyeri



Miongoni mwa familia zetu za pwani zilizohamia Nyeri, Karatina na Nanyuki, ama kwa kazi, ama kwa biashara, ama kwa ndoa, limezuka jambo ambalo twaona halifai kunyamaziwa. Mabinti wanaondolewa katika masomo ya kuogelea kwa sababu ya nywele. Mama huona ncha zakatika, nywele zimekauka kama makumbi, na harufu ya dawa haitoki hata baada ya kuoga. Basi huamua kwamba bwawa ni adui. Uchungu wake twauelewa. Nywele zilizolelewa kwa mafuta tangu utotoni si kitu cha kupuuzwa. Lakini nchi ya milima nayo ina maji yake: Chania yapita kando ya mji wa Nyeri, Gura yateremka kwa kasi kutoka Nyandarua, na yote mawili ni maji baridi yasiyomhurumia asiyejua kuogelea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 236,000 walikufa maji duniani mwaka 2019. Nywele zina kinga yake, na kinga hiyo haigharimu sana.

Klorini hutiwa bwawani ili kuua vijidudu, na bwawa lisilotiwa ni la kuogopwa zaidi kuliko lililotiwa. Kiasi cha kawaida ni miligramu 1 hadi 3 katika lita moja ya maji. Ni kidogo, ila nywele hukaa ndani yake saa nzima. Kwanza huondoa mafuta ya asili ya kichwa. Kisha hushambulia magamba membamba yanayoufunika unywele, yaliyolaliana kama makuti ya paa. Makuti yakiinuka, nyumba huvuja. Magamba yakiinuka, unyevu hutoka na protini inayoupa unywele nguvu huanza kuharibika. Nywele za kipilipili huumia upesi, kwa kuwa mafuta ya kichwani hayashuki kwa urahisi katika mapindo yake hadi nchani. Zilizotiwa dawa ya kulainisha au kubadili rangi zimekwisha kufunuliwa makuti tayari. Hizo twashauri zipumzishwe wiki mbili kabla ya kuingia bwawani.

Ile harufu kali ambayo wengi hudhani ni klorini nyingi, kwa hakika hutokea klorini inapokutana na jasho, mafuta na mkojo wa waogeleaji. Bwawa linalonuka sana ni bwawa ambalo watu huingia bila kuoga, na huo ni uchafu wa wenyewe.

Mama aliyekulia Mombasa au Lamu amezoea bahari, ambapo kusuuza chumvi kwa maji ya kisima kwatosha, na hewa yenyewe yarejesha unyevu. Nyeri iko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki imepita mita 1,900. Miale ya jua inayodhuru ngozi na nywele huongezeka kiasi cha asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda, ingawa baridi humfanya mtu asihisi kuungua. Upepo wa Januari na Februari nao ni mkavu.

Unywele ni kama sifongo: ukiwa mkavu, hunywa maji ya kwanza yanayoufikia. Kwa hiyo binti arowanishe kichwa kwa maji safi ya bomba kabla hajaingia, mpaka nywele zishibe, ndipo maji ya bwawa yakose nafasi. Kisha apakwe mafuta ya nazi. Mwaka 2003 watafiti wa kampuni ya Marico ya Mumbai walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini, jambo ambalo mafuta ya alizeti na ya madini hayakulifanya. Kampuni hiyo yenyewe huuza mafuta ya nazi, basi tuyapokee kwa tahadhari kidogo; lakini nyanya zetu hawakuwa na duka la kutangaza. Mjue tu kwamba mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na chupa iliyotoka pwani ikiwa maji hufika Nyeri ikiwa kama samli. Hayakuharibika. Itieni chupa katika bakuli la maji moto.

Nywele zisukwe twende kilioni au mabutu, zisiachwe huru. Kofia ya silikoni haivuti nywele kama ile ya mpira, ingawa hakuna kofia inayozuia maji yote. Zipo pia kubwa za kutosha misuko. Shirikisho la kuogelea la dunia lilizikataa za aina hiyo mwaka 2021, kisha likaziidhinisha mwaka 2022. Vazi la kuogelea la kujisitiri si badala ya kofia: kitambaa chake hupitisha maji na kuyashikilia kichwani. Kofia ivaliwe ndani yake, wala asiazimane na wenziwe, maana choa huambukizwa kwa kofia na machanuo.

Akitoka, asuuze papo hapo. Tembe moja ya vitamini C, iliyosagwa na kuyeyushwa katika lita ya maji, huvunja nguvu ya klorini iliyobaki. Kisha shampuu laini. Sabuni ya kufulia huzidi kuyainua yale magamba.

Linalotutia wasiwasi kuliko klorini yenyewe ni linalofuata. Mwezi wa Julai, kwa ukungu na manyunyu ya mlimani, binti hujifunga hijabu juu ya nywele mbichi na kukaa nayo hadi Magharibi. Kichwa hakipati hewa, mba huzidi, harufu huganda, na unywele uliorowa hukatika ukivutwa. Lawama yote huangushiwa bwawa. Achukue leso mbili za pamba, moja ya kunyonya maji na nyingine kavu ya kubadilisha, na akifika nyumbani afumue. Asikaushwe kando ya jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Moshi wake usioonekana huua.

Kuhusu josho, mafuta ya kawaida hayafanyi utando unaozuia maji kufika kwenye nywele na ngozi, kama rangi ya kucha ifanyavyo. Mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Wapo waliosikia kwamba klorini hugeuza nywele kuwa kijani. Hiyo ni kazi ya shaba. Wakulima wa kahawa wa Nyeri waijua vyema dawa ya shaba inayoacha rangi juu ya majani, na wasimamizi wengine wa mabwawa hutia mrututu ili kuua ukoga. Nywele nyeusi haziionyeshi rangi hiyo, lakini mvi na nywele zilizopaushwa huionyesha. Basi nyanya anayeandamana na wajukuu amuulize msimamizi ametia nini, na akitajiwa mrututu, naye avae kofia.