Kabla ya kubadili globu ya pikipiki ya baba

Mwaka mzima jua la Unguja huzama kabla ya saa moja jioni. Mzazi anayemaliza kazi Mji Mkongwe, akapitia Darajani kununua kitoweo, kisha akapakia mke na mtoto kuelekea Chwaka au Makunduchi, lazima atamalizia safari gizani. Zipo sehemu ndefu za barabara za shamba ambako mwanga pekee ni ule anaokuja nao dereva mwenyewe. Ndiyo maana ushauri wa "weka globu kali" unapendwa, na taa nyeupe za LED zinaonekana kila kona.

Haja yenyewe ni ya kweli. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inaonesha kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Karibu 2 kati ya kila 10 wanaokufa ni watumiaji wa vyombo vya moto vya magurudumu mawili au matatu.

Hesabu ya kusimama ni rahisi na inatisha kidogo. Anayekwenda kilomita 40 kwa saa anahitaji takriban mita 26 tangu aone kitu mpaka asimame, barabara ikiwa kavu na breki nzima. Kwa kilomita 60 ni kama mita 45. Kwa 80 zinakaribia 70. Sasa fikiria watoto wanaotoka madrasa baada ya Magharibi wakitembea ukingoni mwa lami. Kanzu nyeupe ya mtoto wa kiume huonekana mapema. Baibui jeusi la dada yake hunyonya mwanga, na dereva anaweza kumuona akiwa ameshamfikia. Kipande cha mkanda unaoakisi, kilichoshonwa kwenye mkoba wake, humsaidia kuliko globu yoyote atakayofunga jirani, kwa sababu mkanda huo huurudisha mwanga kule ulikotoka, yaani kwenye macho ya dereva.

Tukirudi kwenye taa, mara nyingi globu si mkosaji. Kisiwa kina chumvi hewani, na chumvi hula viungo vya waya, hasa ule waya wa "earth" unaofungwa kwenye bodi. Kiungo kikipata kutu, umeme unaofika kwenye taa hupungua. Kwa globu ya kawaida ya halojeni, volti zikishuka kwa asilimia 10 tu, mwanga hushuka kwa karibu asilimia 30. Fundi mzuri atapima volti kwenye holda ya taa wakati injini inanguruma, atasugua viungo, atakaza na kupaka grisi. Kioo cha taa kilichogeuka manjano au kujaa vumbi kwa ndani nacho hula mwanga. Kazi hizi hazina mvuto wa kitu kipya kutoka dukani, lakini ndizo za kuanza nazo.

Zikishafanyika na bado njia haionekani, ndipo globu inunuliwe, na hapa wengi huharibu. Pikipiki nyingi ndogo zimeundwa kwa globu ya wati 35. Globu ya gari ya wati 60 inafanana nayo sana kwa umbo, na kuna mafundi wanaoilazimisha iingie. Globu ya wati 35 kwenye mfumo wa volti 12 huvuta kama ampea 3. Ya wati 60 huvuta ampea 5. Waya mwembamba unapata moto, holda ya plastiki inayeyuka, betri inachoka. Taa inaweza kuzimika ghafla barabarani, na hilo ni baya kuliko taa hafifu. Wenye vespa za zamani wawe waangalifu zaidi, kwani baadhi yake ni za volti 6, na nyingine taa hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye injini, hivyo hufifia kila unapoachia mafuta.

Na LED? Taa nzima iliyoundwa tangu mwanzo kuwa ya LED ni nzuri na haili umeme mwingi. Tatizo ni globu ya LED inayopachikwa kwenye taa iliyoundwa kwa halojeni. Kile kibakuli king'aavu nyuma ya kioo kilichongwa kikilenga uzi mwembamba unaokaa mahali pamoja. Chanzo cha mwanga kikihama hata kidogo, mwanga hutawanyika. Mbele ya tairi panang'aa sana, dereva anafurahi, kumbe kule mbali hakuonekani kama anavyodhani, na sehemu ya mwanga inampiga usoni anayekuja. Jicho lililopigwa na mwanga huhitaji sekunde kadhaa kutulia. Kwa kilomita 60 kwa saa, sekunde 3 ni mita 50 za kwenda bila kuona. Huyo anayekuja anaweza kuwa daladala lenye abiria, na huyo asiyeonekana ukingoni anaweza kuwa mtoto wako.

Globu yoyote itakayofungwa, taa lazima ielekezwe upya. Pikipiki isimame sawa mita 5 kutoka ukutani, taa ya chini ikiwashwa. Mwanga wake upige ukutani sentimita 5 hadi 7 chini ya usawa wa taa yenyewe. Jambo linalosahauliwa na karibu kila mtu ni uzito: mama na mtoto wakikaa nyuma, mbele huinuka na mwanga hupanda. Kwa hiyo kipimo kifanyike familia ikiwa imepanda. Na kikapu cha sokoni kisining'inie mbele ya taa.

Kuna pia macho yenyewe. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20. Babu anayelalamika kila mara kuwa taa haifai anaweza kuwa na mtoto wa jicho, na taa nyeupe ya buluu itamsumbua zaidi. Baba wa miaka 35 anayeona vizuri mchana lakini usiku anakodoa huenda anahitaji miwani. Kitengo cha macho cha Hospitali ya Mnazi Mmoja ni safari fupi kwa anayefanya kazi mjini. Mtoto anayejikwaa jioni wakati wenzake wanaona naye apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa; kutoona gizani ni dalili ya mapema ya upungufu wa vitamini A, inayopatikana kwenye ini, mayai, mchicha, maembe na papai.

Siku ya kubadilisha, fundi ashike globu ya halojeni kwa kitambaa safi, kwani mafuta ya vidole hufupisha maisha ya kioo chake. Ya zamani, kama bado inawaka, ifungwe kwenye kitambaa na iwekwe chini ya siti. Kati ya Jozani na Paje, saa tatu usiku, hakuna duka la globu.