Tanganyika haikosi vivutio, inakosa barabara

Ukitazama ramani ya jimbo la Tanganyika, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, unaweza kupanga safari ya wiki nzima ambayo nchi nyingi zingeitangaza kwa fahari. Kuna mji mkuu wa jimbo wenye bandari, fukwe za ziwa, maeneo ya historia na milima yenye baridi. Lakini familia ya Manono yenye gari lake haiwezi kuianza safari hiyo ikiwa na uhakika wa kufika.

Viongozi wanapozungumzia utalii, mara nyingi humfikiria mgeni kutoka Ulaya mwenye kamera na dola. Hapo ndipo hesabu inapokosewa. Mtalii wa kwanza wa Tanganyika anapaswa kuwa mkazi wa Tanganyika mwenyewe, kisha jirani yake wa Lubumbashi. Ikiwa mwalimu wa Manono hawezi kuwapeleka watoto wake kuliona ziwa lililolipa jimbo lake jina, hakuna tangazo litakalomleta mgeni wa mbali.

Vya kuonwa vipo. Manono yenyewe ni historia tosha. Bati ndilo lililoujenga mji huo enzi za Wabelgiji, kwa mitaa mipana na majengo ya fahari ambayo leo mengi ni magofu. Bwawa la umeme la Piana-Mwanga kwenye mto Luvua lilijengwa kwa ajili ya migodi hiyo hiyo. Kule Ankoro, Luvua unaingia Lualaba, na biashara ya samaki na mitumbwi inaendelea kama zamani.

Kalemie, mji mkuu wa jimbo, uko pale mto Lukuga unapotoka ziwani. Wabelgiji waliuita Albertville, kutokana na ngome iliyoanzishwa mwaka 1891 wakati wa vita dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa. Reli ya kutoka Kabalo ilifika hapo mwaka 1915. Mwishoni mwa mwaka huo Waingereza walileta boti mbili ndogo za kivita, Mimi na Toutou, baada ya kuzivusha nchi kavu, wakapambana na meli za Wajerumani ziwani. Kaskazini mwa mji kuna Mtoa, mahali misafara iliyovuka ziwa kutoka Ujiji ilipokuwa ikitia nanga.

Ukielekea kusini unafika Mpala, kituo kilichoanzishwa na Mbelgiji Emile Storms mwaka 1883, na miaka miwili baadaye kikakabidhiwa kwa wamisionari wa White Fathers. Mwaka 1884 watu wa Storms walimuua mtawala Lusinga, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Mbele zaidi ni Moba, na juu yake nyanda za Marungu, zinazopanda zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko yupo ndege aina ya chozi asiyepatikana penginepo duniani.

Ng'ambo ya ziwa, mjini Ujiji, Tanzania, kuna makumbusho mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Mkutano wa watu wawili umetosha kuwapa watu sababu ya kwenda huko. Upande wa Kongo una mengi zaidi ya kusimulia, lakini mengi yanabaki vitabuni kwa sababu kuyafikia ni mateso.

Msimu wa mvua, njia nyingi za jimbo hugeuka tope, lori likakwama siku kadhaa na bei za bidhaa zikapanda. Anayesafiri kwa pikipiki hutegemea bahati na nguvu za vijana wa kusukuma. Reli nayo imechakaa: Septemba 2019 treni ilipinduka karibu na Mayibaridi na kuua watu wengi. Juu ya hayo kuna vizuizi. Msafiri husimamishwa na kuombwa pesa na watu ambao mara nyingine hawatoi hata risiti.

Wapo watakaosema utalii ni anasa katika jimbo ambalo mapigano ya Batwa na Waluba yaliwafukuza maelfu ya watu makwao, na ambalo bado lina vikundi vyenye silaha. Hoja hiyo ina uzito. Hakuna anayepaswa kuhimizwa kupita njia isiyo salama kwa ajili ya picha za ufukweni. Lakini barabara anayoweza kuipita baba na watoto wake mchana, bila hofu na bila kutoa hongo, ndiyo hiyo hiyo itakayompeleka mjamzito hospitalini na mahindi ya mkulima sokoni. Utalii ni kipimo tu cha kuonyesha kama barabara hiyo ipo.

Swali hili ni la haraka kwa sababu ya lithiamu. Manono ina mojawapo ya hazina kubwa za madini hayo duniani, na kampuni zimekuwa zikigombania leseni. Yeyote atakayechimba atahitaji njia ya kusafirishia. Hatari ni kwamba njia hiyo itatoka mgodini moja kwa moja hadi mpakani, kama reli za kikoloni zilivyojengwa kwa ajili ya mzigo na si kwa ajili ya watu. Mji uliojengwa na bati na kuachwa magofu bati lilipoporomoka haufai kurudia somo hilo kwa lithiamu.

Serikali ya jimbo na ya taifa zinaweza kuweka masharti sasa. Barabara ya madini iunganishe maeneo sita ya jimbo, yaani Manono, Kabalo, Kongolo, Nyunzu, Kalemie na Moba, na ipitike mwaka mzima hata kwa gari dogo. Orodha ya ushuru halali ibandikwe kila kituo, na kizuizi kisichomo kwenye orodha kiondolewe. Mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER, uonyeshe pesa zinazokusanywa katika jimbo hili zinatengeneza kilomita zipi.

Masharti hayo hayahitaji hoteli ya kifahari wala kampeni ya matangazo. Nyumba za wageni, wapika samaki na waongoza wageni watajitokeza wenyewe pale wasafiri watakapoanza kupita. Siku familia ya Manono itakapoweza kuondoka asubuhi na gari lake, ikafika Kalemie salama na kurudi kusimulia, jimbo litakuwa limepata tangazo lake la kwanza la utalii.